Herufi za Mandazi

Siku tuliyomzika Gatimu, binti yake wa kwanza alisimama na karatasi ya wasifu akasoma kwamba marehemu babake ndiye aliyebuni herufi za mandazi. Nilikuwa nimekaa hema ya pili, kwenye kiti cha plastiki, soda yangu bado haijafunguliwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kila aliyewahi kupita Barabara ya Naivasha miaka ile anazijua herufi hizo: nene, hazina kona hata moja, zimevimba kila upande kama zimetolewa kwenye mafuta sasa hivi. Zilikuwa kwenye saluni, kwenye shule za nasari, kwenye vibanda vya maziwa na maduka ya viatu vya watoto, kutoka Riruta hadi uchochoro wa nyuma ya maduka ya katikati ya jiji. Rosi, huyo binti, akaendelea kusoma kwamba kuna vijana wa ofisi moja huko Kilimani wanaozitia kwenye kompyuta ili mtu yeyote, popote alipo, aweze kuandika nazo, na kwamba zitaitwa Gatimu. Watu wakapiga makofi, tena kaburini. Mimi nikanyamaza kwa ajili ya heshima ya mjane, au ndivyo nilivyojiambia. Lakini hapa hatuko mazishini. Gatimu hakubuni herufi zile. Nilizibuni mimi, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kwa brashi iliyochakaa, na asiyetaka kusikia hayo afunge kitabu hiki sasa hivi.

Nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo nitayaruka, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeshika brashi. Mwaka ule nilikuwa nakaa Riruta, kwenye ploti yenye vyumba kumi na viwili na bomba moja, pamoja na rafiki yangu aliyefanya kazi ya nyumba Lavington na kurudi Jumapili tu. Siku sita za wiki chumba kilikuwa changu: kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na ukuta ambao mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameubandika magazeti kuanzia chini hadi juu ili kuzuia baridi. Nilisoma ukuta ule kuliko nilivyowahi kusoma shuleni, ila sikuwa nasoma habari. Nilikuwa nalala chali nikitazama vichwa vya habari, najiuliza kwa nini R ya gazeti hili imesimama kama askari na ya gazeti lile imelegea kama mtu aliyetoka kula. Rafiki yangu aliporudi Jumapili na kunikuta hivyo alikuwa akisema, "Wewe utaingia wazimu na hizo ABCD zako." Huenda alikuwa sahihi, lakini wazimu wenyewe ndio umenilisha hadi leo.

Karakana ya Gatimu ilikuwa nyumba ya mabati kando ya barabara, imegawanywa katikati kwa mbao nyembamba. Mbele kulikuwa na benchi la wateja, nyuma kulikuwa na sisi, makopo ya rangi na harufu ya tapentaini iliyokuwa inalala nami hadi kitandani. Tulikuwa watatu. Gatimu mwenyewe alikuwa na miaka kama arobaini hivi, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku ya kupaka ukuta, na mkono wake wa herufi za kusimama wima haukuwa na mpinzani. Wafula alichora picha: vichwa vya kinyozi, ng'ombe wa kibanda cha maziwa, kuku anayecheka wakati anauzwa nyama. Mimi nilikuwa wa kujaza rangi. Gatimu alichora mipaka ya herufi, mimi nikajaza katikati, kama mtoto na kitabu cha picha. Na kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, ila kila fundi wa mabango aliifuata: anayepiga kamba ndiye mwenye kazi. Kamba ilipakwa chaki, watu wawili wakaishika ikakazika juu ya bango, mmoja akaivuta katikati na kuiachia, pap, ikaacha mstari mweupe. Mstari wa juu, mstari wa chini, na herufi zikasimama katikati bila kupita hata unywele. Kamba ilipigwa na Gatimu peke yake. Kazi ikiisha, kwenye kona ya chini kulia yaliandikwa maneno mawili, Gatimu Arts. Wafula aliruhusiwa kuandika jina lake dogo chini ya kwato za ng'ombe. Nilipouliza kwa nini yeye anaweka jina, Gatimu aliniambia Wafula ni fundi. Nikauliza, mimi je? "Wewe ni msichana wa rangi," akasema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Saa saba mkewe, Mama Rosi, alikuwa akiingia na sufuria ya githeri imefungwa kwa kitambaa, parachichi mbili na chupa ya chai, Rosi mchanga amelala mgongoni. Tulikula tukizunguka sufuria moja. Mama Rosi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, akatazama kila kilichokuwa kimefanywa tangu asubuhi, na wakati mwingine alinitilia kikombe cha pili bila mimi kuomba. Siwezi kuandika habari za mwaka ule nikamwacha nje, kwa sababu aliona yote.

Herufi zenyewe zilizaliwa kwa uhaba. Brashi nzuri zilikuwa za Gatimu, za wastani za Wafula, na mimi nikapewa ile ambayo nywele zake zilikuwa zimekatika pembeni hadi ikawa butu. Brashi hiyo haikuweza kutengeneza kona. Ukiiambia ikate pembe, inakataa, inazunguka. Siku moja Gatimu alikuwa ameenda mjini, akaja mama mmoja mwenye saluni mpya mkabala na stendi, anataka bango siku hiyo hiyo kwa sababu alikuwa anafungua kesho yake. Wafula akasema yeye herufi haziwezi. Mimi nikasema naziweza. Nilipiga kamba, Wafula akinishikia upande wa pili huku akinong'ona, "Siste, huyu mtu akirudi atatuua." Nikaandika SALUNI kwa brashi yangu butu, na kwa kuwa haikutaka kona, nikaacha kuitafutia kona. Nikaiacha kila herufi inenepe inavyotaka. S ikajaa, A ikawa na kitundu kidogo tu katikati, kama jicho la mtu anayecheka. Gatimu aliporudi bango lilikuwa limeegeshwa ukutani likikauka. Akalisogelea.

"Hizi ni herufi ama ni mandazi?"

"Ni herufi, Fundi."

"Herufi gani haina kona?"

"Ya saluni," nikasema. "Mtu anaenda huko kustarehe, si kushtakiwa."

Wafula alitoka nje kucheka. Gatimu akataka kulifuta bango lote, lakini mama wa saluni akaingia wakati huo huo, akaliona, akaweka mikono kifuani. Kabla wiki haijaisha walikuja wengine watatu kuomba "zile nono." Gatimu hakuwa mjinga. Aliniruhusu niziandike, akapiga kamba yeye, na kwenye kila kona akaandika Gatimu Arts kwa mkono wake uliosimama wima.

Leo watu huniuliza herufi hizo zinafaa nini. Vijana wa siku hizi huuliza wakiwa na daftari kabisa. Nawaambia kwanza watembee mjini wasome kuta. Jiji letu limeandikwa kwa herufi za amri. Hakuna kazi. Mbwa mkali. Usiegeshe gari hapa. Huko Lavington ukuta mzima, nusu kilomita, hauna neno jingine isipokuwa la kukufukuza, kwa herufi nyekundu zenye kona zinazoweza kukukata. Herufi zangu zilikuwa za kukuita. Mtoto ambaye hajajua kusoma alizinyooshea kidole. Mtu mzima ambaye hakusoma, na ambaye akiona maandishi huona aibu, hakuziogopa. Wanaosema ni za mchezo tu wanasema kweli, ni za mchezo, na mchezo si upungufu wa akili. Ila nakubali kuna kitu hazikuweza. Gatimu alipata kazi katikati ya jiji, kwenye uchochoro ambao wanaume walikuwa wameugeuza choo, akanituma mimi kwa sababu, alisema, hata nikiharibu ni ukuta wa mkojo. Nikaandika USIKOJOE HAPA, herufi za futi moja, nono, za kupendeza. Nilikuwa sijamaliza kukusanya makopo, mwanamume mmoja akasimama, akasoma kwa sauti, akacheka kwa furaha ya kweli, akafungua zipu. Gatimu alirudi akaandika upya kwa herufi zake wima, nao wakaacha. Tulicheka juu ya hilo wiki nzima, yeye pia, na nakumbuka nilifikiri siku hizo kwamba huenda siku moja ataniita fundi.

Kisha nikasikia. Nilikuwa nyuma, nasafisha brashi, na mbele ya ule ubao mwembamba kulikuwa na mteja, mwanamke mwenye sauti ya Kiingereza. Alikuwa mwalimu mkuu wa nasari moja ya watu binafsi Lavington, alikuwa ameona bango letu la viatu vya watoto akiwa kwenye gari lake. Alitaka ukuta mzima wa uwanja wa kuchezea uandikwe KARIBUNI WATOTO.

"Na ni nani ana-design hizi?" akauliza.

"Ni mimi, madam. Hiyo style nimeitoa kwa kichwa yangu mwenyewe. Ilinichukua miaka."

"Nilisikia kuna msichana."

"Ah, huyo ni wa kujaza rangi tu."

Nilisimama pale na brashi ikichuruzika kwenye kiatu. Sikulia, sijui kwa nini watu hutarajia niseme nililia. Nilikasirika hadi masikio yakaziba.

Ukuta ule Gatimu aliamua kuufanya mwenyewe. Alinifanya nichore herufi zote kwa ukubwa wake kwenye karatasi ya kaki, akaibeba, akamchukua Wafula, akaniacha nichunge duka. Siku ya tatu Wafula alirudi mbio, amekuja kwa miguu kutoka Lavington kupitia Kawangware, jasho linamtoka. "Siste, vaa viatu. Huko kumeharibika." Nilipofika nilikuta mwalimu mkuu amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, na Gatimu juu ya ngazi na rula.

"Sorry, Gatimu, lakini hizi si zile," mwalimu alikuwa akisema. "Zile za Riruta zimeshiba. Hizi zina njaa."

"Madam, nimepima mara nne. Zote ni urefu mmoja. Leta rula yako upime."

Na kweli zilikuwa urefu mmoja. Nilitazama mara moja tu nikajua. Alikuwa amekata karatasi zangu kwa makasi, kila mahali herufi ilipopita mstari, akidhani mkono wangu uliteleza. Kwenye mabango madogo hakuwahi kuona hilo, maana chaki ilikuwa ikifutwa kwa kitambaa kabla hajaja kutazama. Mkono wangu haukuteleza. E, hata ukiinenepesha vipi, huulalia mstari wote. O hugusa mstari mahali pamoja tu juu na pamoja tu chini, kwa hiyo ukizikata sawa jicho litakuambia O ni fupi, imenywea, imekaa kama mtoto aliyevaa shati la kakake. Lazima uiache ipite mstari kidogo, juu na chini, upana wa kidole kwenye ukuta mkubwa kama ule. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu, kule chumbani kwenye magazeti, na brashi yangu ikakubaliana nami.

"Naweza kuzirekebisha," nikasema. Nikamgeukia Gatimu juu ya ngazi. "Lakini kwa kona linaingia jina langu, Fundi."

"Tutaongea duka."

"Tuongee hapa."

Mwalimu mkuu alimtazama yeye, akanitazama mimi, na nadhani hapo akaelewa. Alingoja. Gatimu akashuka, akapangusa mikono polepole. "Sawa," akasema. "Rekebisha."

Nilifanya kazi siku mbili. Mchana nilikula ugali na sukuma pamoja na askari wa geti na mtunza bustani, nyuma ya jiko la shule, na watoto wakaja mmoja mmoja kuzigusa herufi kabla hazijakauka, hadi leo nina hakika alama za vidole vyao zilibaki mle ndani ya rangi. Jumamosi jioni niliandika jina langu kwenye kona ya chini kulia, majina yangu mawili, madogo, kwa ile brashi yangu. Niliondoka nikitembea kwa miguu hadi Riruta na sikuhisi njia.

Jumatatu Wafula akaniambia kwa sauti ya chini kwamba limepakwa nyeupe, na juu yake kumeandikwa Gatimu Arts. Jumanne nikaenda. Askari akafungua geti, akaniuliza nimesahau nini. Nikamwambia nimesahau jina. Nikaliandika tena. Ijumaa lilikuwa limefutwa tena. Jumatatu iliyofuata nikalirudia mara ya tatu, kwa rangi nyekundu, kubwa zaidi, na niliporudi karakana Gatimu alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa saa saba. Mama Rosi alikuwa pale, mtoto mgongoni, chupa ya chai mkononi.

"Umetoka wapi?"

"Lavington. Kuweka jina."

"Jina yako nani anaijua? Watu wanajua Gatimu."

"Wataijuaje na unaipaka rangi?"

"Sikiza, wewe msichana. Brashi ni yangu. Rangi ni yangu. Kamba nimepiga mimi."

"Kamba umepiga wewe," nikasema. "Na herufi zangu zimeipita."

Wafula aliguna, kisha akajifanya anakohoa. Uso wa Gatimu ulibadilika. Naamini hadi leo kwamba kama wawili hao hawangekuwepo angenikubalia, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea. Lakini walikuwepo. "Chagua," akasema. "Ufanye kazi bila jina, ama ubebe jina yako uende nayo."

"Naibeba."

Nilichukua ile brashi butu, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitaka, nikapita katikati yao. Mama Rosi alikuwa akitazama sakafu.

Nilifungua kibanda upande wa pili wa barabara, mkabala naye kabisa, nisijifiche. Na miaka iliyofuata ilikuwa ya ajabu: mabango ya mandazi yakitoka pande zote mbili za Barabara ya Naivasha, ya kwake yamenyong'onyea kidogo kila penye O, ya kwangu yameshiba, na wateja wakisema mimi ndiye ninayemwiga. Mwigaji wa Gatimu, ndivyo walivyoniita. Mashine za kuchapisha mabango zilipoingia alinunua moja, mimi nikakataa. Nilikaa na njaa kwa ajili ya ukaidi huo, sitasema vingine. Siku hizi naandika vioo vya mikahawa ya Kilimani, ambako wamegundua tena kwamba mkono wa mtu una maana, na tulikuwa tukisalimiana, mimi na Gatimu, kila tulipokutana sokoni. "Niaje, mandazi." "Niaje, rula." Hatukuwahi kulizungumza, hata mara moja, hadi akafa.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilienda kumpa pole mjane. Sebule yake ina vitambaa vyeupe kwenye kila kiti na picha ya marehemu amevaa suti. Rosi alikuwa jikoni, tulimsikia akiongea kwa simu na wale vijana wa kompyuta, akisema wiki hii kila kitu kitakuwa tayari. Mama Rosi alinimiminia chai.

"Nimekuja kukupa pole, Mama Rosi. Lakini nimekuja na jambo pia."

"Sema."

"Zile herufi hazikuwa za Gatimu. Ni zangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njiani. Aliweka chupa mezani, akaifunga kifuniko.

"Najua. Si nilikuwa hapo kwa mlango?"

"Na hukuwaambia watoto?"

"Alikuwa bwanangu. Ningewaambia aje?" Kisha akanitazama, na hakuwa anatazama sakafu safari hii. "Lakini hebu nikuulize wewe. Siku ya mazishi, yule MC alipita na maiki kila hema, anauliza ni nani ako na neno. Ilikufikia mkononi. Nilikuwa nakuangalia. Ukaipatia jirani."

Nilitaka kumwambia ilikuwa heshima. Ingekuwa uongo. Nilikuwa nimebeba hasira miaka karibu arobaini, naionyesha watu kama cheti, na maiki ilipofika niliogopa kwamba watu watasema, tazama mama mzima amekuja kugombania herufi na maiti. Niliogopa, basi. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele yake.

"Haya," akasema. "Rosi! Hebu kuja kidogo. Huyu auntie ako na neno."

Rosi aliingia na simu mkononi, akatabasamu kwa adabu. "Auntie, karibu. Si wewe ndio ulikuwa na ile kibanda ya ng'ambo? Competitor wa daddy? Pole, honestly hata sijawahi kujua jina yako."

"Ndiyo maana nimekuja," nikasema. "Hao vijana uliokuwa ukiongea nao, bado wako hewani?"

"Eeh, wako."

"Basi andika uwapelekee. Tabitha Nekesa. Wafute Gatimu, waandike Tabitha Nekesa." Alimtazama mamake. Mamake akatikisa kichwa kukubali. Rosi akaanza kuandika kwa kidole gumba, polepole, na nilisimama nikainama juu ya bega lake hadi nikaiona herufi ya mwisho.

"Na wasiniweke kwa kona," nikamwambia. "Waniweke juu."